Siku Mama Alipotubu Usingizi Wake

Jumapili, 18 Agosti 1985

Baridi. Mawingu yamekaa chini tangu asubuhi kama kawaida ya Agosti, na vilima vya upande wa Emali havijaonekana kutwa nzima. Vidole vimekufa ganzi, kalamu inateleza. Sijalia. Nadhani kama ningelia ningeandika vizuri zaidi.

Leo mama amesimama mbele ya kanisa zima akatubu kwa sababu ya kulala usingizi.

Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili. Inasikika kama imeandikwa na mtu aliyechanganyikiwa, lakini ni kweli, na sina namna nyingine ya kuiandika.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alituambia tuandike shajara likizo yote, na akaahidi kwamba hataisoma, atahesabu kurasa tu. Ndiyo maana humu naandika kwa Kiswahili mambo ambayo nyumbani tunayasema kwa Kikamba, na mengine ambayo hatuyasemi kwa lugha yoyote. Kama alitudanganya na anasoma, basi mwalimu, tafadhali ruka ukurasa huu.

Nianze na baba.

Baba alifariki mwaka juzi. Aligongwa na lori kwenye barabara ya Mombasa, pale Emali, akivuka na baiskeli yake. Watu waliokuja kutuambia walifika usiku. Walipiga hodi mara tatu, mama akatoka mbio bila viatu, na mpaka leo kuna kovu la mwiba chini ya mguu wake wa kushoto. Tangu siku hiyo mama aliacha kulala. Sisemi alilala kidogo. Alijilaza na nguo zake za mchana, kitambaa kichwani, viatu vimepangwa mlangoni vikitazama nje, akasikiliza. Upepo ukigusa mabati, anaketi. Mbwa wa jirani akibweka, anaketi. Mimi hulala chumba cha pili, na ukuta wetu wa katikati haufiki juu, kwa hiyo kila likizo nilimsikia akiketi na kujilaza, akiketi na kujilaza, mpaka majogoo.

Mchana alikuwa kama mtu anayetembea ndani ya maji. Alitia chumvi mara mbili kwenye muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, akasahau kutia kabisa siku iliyofuata. Alisinzia shambani akiwa amesimama, kidevu juu ya mpini wa jembe. Mara moja aliangukia jikoni akaungua kifundo cha mkono. Zahanati walimpa vidonge vyeupe. Alivimaliza vyote, akapata maumivu ya tumbo, usingizi hakuupata.

Kanisa nalo lilimwombea. Nataka kuliandika hili kwa haki. Walimwekea mikono mara nyingi, wazee na kina mama, na kila mara mama alishukuru kwa moyo, akarudi nyumbani, akapanga viatu vyake mlangoni.

Sasa kitabu.

Shule yetu iko upande wa Kitui, ng'ambo ya Kanyangi, na maktaba yake ni chumba kimoja chenye rafu nne. Mimi ndiye ninayefuta vumbi la rafu hizo, kwa sababu napenda kukaa mahali ambapo hakuna mtu anayeniuliza kitu. Muhula wa kwanza lilikuja sanduku la vitabu vya msaada. Kimoja hakikuwa na jalada. Kilikuwa cha mazoezi ya mwili, kwa Kiingereza, chenye picha. Katika picha moja mwanamke amelala chali sakafuni, makalio karibu na ukuta, miguu imeinuliwa juu ukutani imenyooka, mikono imefunguka kando, kitambaa juu ya macho. Uso wake ulikuwa umetulia sana. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima mwenye uso kama ule.

Kitabu kilisema zoezi hilo ni la yoga, mazoezi ya kale kutoka India, na kwamba humtuliza mtu aliyechoka na kumsaidia kulala. Kilisema usilazimishe kitu. Unakunja blanketi unaliweka chini ya kiuno. Unaketi ubavu kwa ukuta, unageuka polepole ukiinua miguu, unalala. Unapumua, na pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Dakika kumi hadi kumi na tano. Ukimaliza, unageukia upande mmoja, unakaa hivyo kidogo kabla ya kuinuka.

Nililijaribu bwenini wakati wa mitihani. Wasichana walinikuta wakaniita Popo, na jina likanikaa. "Popo, kengele imelia, shuka chini." Sikujali sana, kwa sababu nililala vizuri wiki ile nzima, na kila nilipoamka niliwaza jambo moja tu, kwamba nitampelekea mama.

Nilimwomba mwalimu wa maktaba ruhusa ya kubeba kitabu likizo. Aliniruhusu. Najua sasa kwamba ningekikariri nikakiacha pale pale kwenye rafu.

Siku ya pili ya likizo nilimwonyesha mama. Kwanza alicheka. Mama kucheka ni jambo ambalo nilikuwa nimeanza kulisahau. Aliuliza kama shuleni tunalipiwa karo ili tufundishwe kulala kama mbuzi anayechunwa. Kisha akaniangalia, akaona sicheki, akafunga mlango. Alichukua leso akaifunga kuzunguka miguu, kutoka magotini hadi kwenye vifundo, ili gauni lisimshukie, na ndipo akakubali kuinua. Nilimkunjia blanketi. Nilimfunika macho kwa kitambaa chake mwenyewe.

Hakuwa na saa. Alisema atapima kwa nyimbo. Aliimba nyimbo tatu za kitabu cha kanisani, polepole, kwa sauti ya chini, na kati ya wimbo na wimbo aliomba. Kwa hiyo kila jioni, kabla ya kuingia kitandani, mama alikuwa amelala pale chini miguu ikiwa juu, akimwimbia Mungu.

Jioni ya kwanza hakuna kilichobadilika. Ya pili pia. Ya tatu nilimsikia akiketi mara mbili tu. Ya tano sikusikia kitu, nikabaki macho mimi kwa hofu.

Asubuhi yake jua lilitoka na mama hakuwa jikoni. Mbuzi walikuwa wanalia zizini. Nilisukuma mlango wa chumba chake nikidhani amekufa. Nasema kweli, nilifikiri nitamkuta amekuwa baridi. Alikuwa amelala kwa ubavu, mdomo wazi kidogo, kitambaa kimemtoka kichwani, nywele zake nyeupe za mbele zinaonekana. Alikuwa anakoroma. Nilikaa chini kwenye kizingiti nikamsikiliza akikoroma mpaka mbuzi walipokasirika kabisa.

Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Hata nilipofaulu mtihani wa darasa la saba sikuwa na furaha kama ile.

Kuanzia siku hiyo alilala kila usiku. Viatu akaviweka chini ya kitanda. Chakula kikawa na chumvi yake ya haki. Alianza kuniuliza mambo ya shule, na kusikiliza jibu hadi mwisho.

Kama ningekuwa mwandishi wa hadithi ningeishia hapo.

Alhamisi ya wiki iliyofuata kulikuwa na mkutano wa kina mama kanisani. Mama ndiye mwenyekiti wao. Katika kanisa letu, Mungu akikutendea jema hulifichi. Unasimama, unalitoa kama ushuhuda, na watu wanashukuru pamoja nawe. Kukaa kimya na baraka ni kama kula nyama ukiwa umewafungia wageni mlango. Kwa hiyo mama alisimama. Nilikuwa nyuma, na watoto. Alisema, "Wamama, mnajua mlivyoniombea. Leo nimekuja kuwaambia ninalala. Mungu alipitia kwa huyu msichana wangu." Kisha akaeleza kila kitu: ukuta, blanketi, leso, nyimbo tatu, maombi.

Walipiga makofi. Wengine walifuta machozi. Halafu yakaanza maswali, kwa sababu kumbe nusu ya kina mama wa kanisa letu hawalali. Mmoja mgongo, mwingine mume, mwingine mawazo ya watoto walioko Mombasa. Mama Mutuku, jirani yetu, ambaye ni mnene na hachelewi kusema, alisema yeye akiinua miguu yake ule ukuta wake wa udongo utaanguka na mzee wake atakuwa amelala upande wa pili. Walicheka hadi mwenye kuomba maombi ya kufunga mkutano akashindwa kufunga.

Wiki hiyo walikuja nyumbani, wawili wawili, wakijifanya wameleta mboga. Mimi niliwaonyesha. Mimi, ambaye darasani sijibu swali hata ninapojua jibu, nilikuwa nawaambia wanawake wazima wapumue. Mama Mutuku alikuja mara tatu. Ukuta wake haukuanguka.

Mmoja wao akaniuliza zoezi hili linaitwaje.

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ni miguu ukutani, jina ambalo mama alikuwa amelipa. Lakini nimezoea kwamba mtu akikuuliza, unampa jibu sahihi, na ukiweza unamwonyesha ukurasa. Nikamwambia ni yoga. Akauliza hiyo ni kitu gani. Nikamwambia ni ya India, ya zamani sana, iko kitabuni. Nilijivuna kidogo nilipokuwa nasema. Naliandika hili kwa sababu ni kweli.

Siku tatu baadaye mchungaji alikuja. Alikuja kwa upole, akanywa chai, akauliza habari za masomo yangu. Kisha akasema amesikia kuna kitabu. Mama aliniangalia. Mimi nilikwenda kukichukua mbio, shajara, mbio kabisa, kwa sababu niliamini kwamba akikisoma ataelewa. Nimeamini maisha yangu yote kwamba mtu akisoma ataelewa. Nilimfungulia ukurasa wenye yule mwanamke mwenye uso uliotulia. Aliusoma. Alitikisa kichwa kama mtu anayekubali. Kisha akafungua ukurasa uliofuata.

Ukurasa uliofuata ulikuwa na picha ya mzee amekaa amekunja miguu, mistari imechorwa kwenye paji la uso, na mbele yake sanamu ndogo yenye shada la maua shingoni, na kijiti cha ubani kinafuka moshi.

Mimi nilikuwa nimeuona ukurasa huo mara nyingi. Haukuwahi kuniambia kitu. Nilikuwa nauruka.

Mchungaji alikifunga kitabu polepole akauliza kama anaweza kukaa nacho. Kikombe chake kilibaki na chai nusu. Mama alikaa akikitazama kikombe hicho muda mrefu baada ya mgeni kuondoka.

Jumatano tuliitwa mbele ya wazee wa kanisa, katika ile ofisi ndogo nyuma. Walikuwa sita kwenye benchi, na mchungaji. Nataka kuwaandika kwa haki hawa pia. Si watu wabaya. Mzee Yakobo, ambaye ndiye mkubwa wao, ndiye aliyeongoza vijana kuchimba kaburi la baba, na msimu ule wa kwanza yeye na wenzake walikuja na ng'ombe wao wakatulimia shamba lote bila kuombwa. Kama wangekuwa wabaya ningewachukia na ningepata nafuu.

Walimwuliza mama kama ni kweli aliomba na kuimba katika hali ile. Mama alisema ni kweli. Alikuwa anafikiri kwamba jambo hilo litamsaidia.

Mzee Yakobo alinigeukia mimi. Alisema, "Binti yangu, wewe ndiye umesoma. Niambie. Huyu mama yako akimwomba Mungu vile, nyayo zake zinaelekea wapi?"

Hakuna aliyecheka. Aliuliza kwa huzuni kabisa. Kwake yeye kumwelekezea mkubwa wako nyayo ni kumtukana, na hapa nyayo zilikuwa zinaelekea mbinguni, katika ibada iliyotoka kwa sanamu, na mimi ndiye niliyeileta kutoka shule ile ile ambayo wao walinichangia sukari na sabuni nilipokuwa naenda.

Nilikuwa nimetayarisha sentensi tatu. Nilizitunga usiku, nikazikariri njiani. Kwamba ukuta hauna dini. Kwamba nyimbo zilikuwa zetu. Kwamba mama amelala usiku kumi na mbili mfululizo, na usingizi Biblia inasema Bwana humpa mpenzi wake. Zilikuwa sentensi nzuri. Niliziona mbele yangu kama zimeandikwa ubaoni. Wanaume saba walikuwa wananitazama, na mama pia, pembeni, akingoja.

Nilinyamaza.

Mzee Yakobo alingoja kwa heshima. Kisha akasema basi, mtoto naye anaona kosa.

Tulipofika kwenye lango la kanisa ndipo jibu lenyewe lilipokuja, lile ambalo sikuwa nimelitayarisha. Mtu akipiga magoti kuomba, nyayo zake zinaelekea juu. Za Mzee Yakobo mwenyewe, kila Jumapili, zinaelekea juu. Nilisimama pale langoni mdomo wazi. Mama aliniuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu. Kungekuwa na faida gani kumpa jibu mtu ambaye hukumu yake imeshasomwa?

Maana waliamua hivi: atubu mbele ya kanisa Jumapili na kuacha jambo hilo kabisa, au atengwe. Kutengwa kwetu hakumfukuzi mtu. Unakuja ibadani, lakini unakaa benchi la nyuma karibu na mlango, meza ya Bwana inakupita, huongozi kitu, huombi kwa sauti, na kina mama hawaji kwako kwa maombi. Kuna mwanamke mmoja alitengwa nilipokuwa mdogo. Alikuwa anakaa pale nyuma na kiondo chake mapajani, na hata sisi watoto tulijua kutompokea mkono.

Mama angewezaje kuchagua hilo? Baba hayupo, ndugu zake wako mbali Kibwezi, dada yangu ameolewa huko huko. Mimi niko shuleni miezi tisa kwa mwaka. Watu wake ni wale kina mama. Ndio waliolala sakafuni naye wiki nzima ya matanga. Usiku alikuwa amepata usingizi, lakini mchana wote ni wao.

Na kuna kitu kingine ninachokiandika hapa tu. Nadhani wazee hawakuumia kwa sababu ya India peke yake. Waliomba miaka miwili mama alale, naye hakulala. Kisha akaja msichana na kitabu kisicho na jalada. Labda niko na kiburi kuwaza hivyo. Sijui.

Leo basi.

Kanisa lilikuwa limejaa. Baada ya matangazo mchungaji alimwita. Mama alivaa gauni lake la bluu la mkutano wa kina mama, lakini hakuvaa kile kitambaa cheupe cha uongozi. Alikishika mkononi, kimekunjwa. Alikuwa hajalala tangu Jumatano, kwa sababu tangu Jumatano ameacha. Macho yamerudi kuwa yale yale. Alipopanda ile ngazi moja ya mbele alijikwaa.

Alisema, "Nimetafuta raha mahali ambapo Bwana hakuiweka. Naomba kanisa linisamehe. Sitarudia."

Maneno hayo hakuyatunga yeye. Mama haongei hivyo. Lakini aliyasema bila kukosea.

Watu waliitika amina. Mama Mutuku aliitika kwa sauti kubwa kuliko wote. Jana tu alikuwa amepita kwetu kuniuliza kama ni lazima blanketi likunjwe mara mbili. Nje, baada ya ibada, alinishika mkono kwa nguvu, akaniinamia akasema, "Ndinda, hukusikia jina langu likitajwa huko ofisini, ama?" Nikamwambia halikutajwa. Akasema Mungu akubariki mwanangu, akaenda zake haraka, na mgongo wake ulikuwa umenyooka vizuri sana.

Sikumchukia. Atalala leo. Angalau mmoja.

Walimrudishia mama kitambaa chake cheupe na wakamwimbia. Kitabu sikurudishiwa. Mchungaji alisema ataongea na shule. Ni kitabu cha shule, na ni mimi niliyetia sahihi.

Tulirudi nyumbani. Mama alibadilisha nguo, akachota udongo na maji kwenye karai, akaingia chumbani kwake. Nilimfuata. Pale ukutani, juu kidogo ya kimo changu nikiwa nimeketi, kulikuwa na alama mbili za visigino, zimeng'aa kwa mafuta ya kujipaka. Alizikandika. Alizipitishia kiganja mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mpaka sehemu hiyo ikawa laini kuliko ukuta wote.

Nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba mlango una komeo. Kwamba tunaweza kuacha jina, tukaacha kitabu, tukaacha hata ukuta, akaweka miguu juu ya kiti, ni damu tu na pumzi, hakuna mtu atakayejua. Nilisema sentensi nyingi sana. Mbele ya mama sikosi maneno.

Alinawa mikono, akatoka, akaketi kwenye kigoda na ungo wa mbaazi. Nikaketi karibu naye. Tulichambua muda mrefu.

"Mimi niliahidi mbele ya Mungu," alisema baadaye. "Sikuahidi mbele ya Yakobo."

Kisha, bila kuinua macho: "Ile miaka miwili nilikuwa nimezoea, Ndinda. Mtu akizoea, anaenda tu. Sasa nimejua usingizi ulivyo. Ungeniacha vile nilivyokuwa."

Hakusema kwa hasira. Alisema huku akitoa mbaazi mbovu na kuwatupia kuku, kama mtu anayesema mvua mwaka huu imepungua. Nilitaka aseme kwa hasira.

Niliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha. Kisha nikaja hapa nyuma ya ghala na daftari hili.

Najaribu kufikiri kama wanavyotufundisha, sababu kwanza, matokeo baadaye, na kila ninapoanza nafika mahali pale pale. Kama nisingefuta vumbi la rafu. Kama nisingejibu swali. Kama ningejibu swali. Nilisema pale palipotakiwa kunyamaza na nikanyamaza pale palipotakiwa kusema, na vyote viwili nilivifanya kwa moyo safi, na moyo safi haujamsaidia mama hata kwa dakika moja.

Baada ya wiki mbili narudi shule. Nitalala bwenini, maana mimi sikuahidi chochote, hakuna aliyeniona kuwa mkubwa wa kutosha kuahidi. Naweza kuinua miguu yangu ukutani jioni yoyote. Jana nilijaribu, nikaishusha kabla ya pumzi ya tatu. Nilihisi kama nakula kwenye sahani ya mtu mwingine.

Nimesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote hapa kijijini, nadhani. Vyote vinafundisha mtu kujua. Ni wapi mtu anaweza kusomea namna ya kumsahaulisha mama yake kitu ambacho ameshakijua?

Giza linaingia, siuoni mstari. Ndani mama amewasha taa, na nimesikia viatu vikiburutwa kutoka chini ya kitanda kwenda mlangoni.

Kesho kutapambazuka. Mama atakuwa wa kwanza kujua.